Mfupa Juu ya Jino

Mimi ni daktari wa meno, na kwa kuwa watu wa kazi yangu hupenda kujifanya wapole, niseme mapema kwamba mimi si mpole. Mgonjwa akifunga mdomo nikiwa na sindano mkononi, namfokea. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo wananiogopa, na nina hakika wana jina la kuniita nikishawapa kisogo. Lakini tangu niripoti katika hospitali hii ya misheni huku Iramba, kulikuwa na kitu kimoja kilichonifanya nitembee kwa adabu, nacho ni mlango wa chumba cha giza.

Chumba chenyewe ni kidogo, hakina dirisha, na kinanuka siki mpaka leo. Kabla hatujapata mashine ya kidijitali, picha zote za meno zilisafishwa humo. Unaingia na filamu yako ndogo isiyozidi upana wa vidole viwili, unafunga mlango, unawasha taa nyekundu, unaitumbukiza filamu kwenye dawa, halafu unasubiri. Hapo ndipo meno yanapoanza kuibuka kutoka kwenye maji, taratibu, meno yasiyo na midomo wala shavu. Kila mtu aliyepigwa picha huibuka akiwa amekenua, hata aliyeingia kwangu analia. Mwaka wangu wa kwanza nilizisafisha mwenyewe, na kila mara nilihisi kuna mtu amesimama nyuma ya bega langu, naye anasubiri kuona ni nani atatokea. Sikumwambia mtu. Daktari mzima ataanzaje kusema anaogopa chumba?

Kwa hiyo ilipoletwa mashine ya kidijitali nilifurahi kama mtu ambaye jirani yake mbaya amehama. Sasa unaingiza kidude mdomoni, unabonyeza, na picha iko kwenye kioo cha kompyuta kabla mgonjwa hajameza mate. Unaikuza, unaing'arisha, unaitia weusi kidogo, unailinganisha na ya mwezi uliopita, na mgonjwa mwenyewe anapata mionzi michache kuliko zamani. Filamu haina msamaha wa namna hiyo. Jinsi ilivyotoka kwenye dawa ndivyo itakavyobaki, na ukikosea kuipiga umekosea. Niliwatangazia wenzangu kwamba filamu imekufa, nikatia kufuli kwenye mlango ule na ufunguo nikauweka mezani kwangu.

Bomba la mle ndani tu ndilo halikunielewa. Lilikuwa likidondosha maji, tone, tone, na tulilisikia kupitia ukutani hata siku ambazo hospitali nzima haina maji na wauguzi wanahangaika na ndoo. Fundi alisema ni mabomba yanayotanuka kwa joto. Nilimjibu kwamba yeye ndiye anayejua, nikaendelea na kazi zangu.

Mchana mmoja wa kiangazi, upepo ukivuma kwa namna ile ya kwetu, wa kuinua mabati na kuyaachia, askari polisi aliingia chumbani kwangu akiwa amekumbatia boksi la mafuta ya alizeti. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akaliweka boksi sakafuni, akalisogeza kwa mguu mpaka pembeni ya kiti cha wagonjwa. Nikamuuliza mgonjwa yuko wapi. Akasema, "Yumo humo, daktari."

Mwili ulinisisimka, kisha nikakasirika kwa sababu umenisisimka. Nikamwambia afande aketi na anieleze vizuri.

Wachimbaji wadogo wa Sekenke, kule mlimani kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu, walikuwa wanafukua duara lililotelekezwa. Duara ni shimo la kuchimbia, na hilo lilikuwa limeporomoka zamani. Chini wakakuta mifupa ya mtu. Katika vijiji vya karibu kulikuwa na familia moja ambayo kijana wao aliingia machimboni na hakurudi, na hakuna aliyejua kama alifukiwa au aliondoka kutafuta maisha kwingine, maana wachimbaji huondoka hivyo, leo yuko, kesho yuko Geita. Sampuli za mifupa zilikuwa zimepelekwa kwenye vipimo vya vinasaba, ila majibu yangekawia. Wakati huo huo ukoo ulikuwa umekwisha kufunga turubai la msiba na kuchinja mbuzi.

"Tatizo ni mama yake," askari akasema. "Amewafungulia turubai lao kwa mkono wake. Amewaambia hatalia juu ya mfupa wa mtu mwingine. Anasema akimlilia mwanawe naye yuko hai mahali, yeye ndiye atakuwa amemuua."

"Sasa mimi nahusikaje?"

"Anasema mwanawe alizibwa jino hapa, alipokuwa shule ya msingi. Na alipigwa picha. Amekaa nje hapo tangu asubuhi, daktari. Anasema meno hayadanganyi."

Nilichungulia mlangoni. Kwenye benchi la wagonjwa alikuwa amekaa mama mmoja mwembamba, kanga ameifunga kichwani kwa nguvu, miguu imejaa vumbi la barabara. Kando yake watu walikuwa wanashika mashavu na kulalamika, kama ilivyo kawaida ya benchi langu. Yeye alikuwa ametulia kama maji mtungini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliniangalia mikono, kisha akaangalia ukuta.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nina watoto wawili wanaosoma Singida mjini, na mmoja wao akichelewa kupokea simu ninawaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilirudi ndani nikachukua ufunguo.

Filamu za zamani zilikuwa kwenye makopo ya biskuti, juu ya rafu ya chumba cha giza, kila moja ndani ya bahasha ndogo ya kaki. Nilipofungua mlango bomba lilikuwa limenyamaza. Hilo ndilo lililonitisha. Nilisimama pale nikisikiliza, mkono kwenye swichi, na nilikuwa nataka sana lidondoshe. Nikapiga moyo konde, nikashusha makopo yote, nikayabeba nje hadi kwenye mwanga, na mlango nikaurudishia kwa kisigino.

Ya yule kijana niliipata, jina lake likiwa juu ya bahasha. Tulipoishika juu ya boksi la taa la kuangalizia picha, askari alinong'ona jambo ambalo nadhani lilikuwa sala. Ilikuwa picha ya magego ya chini, upande wa kushoto. Kwenye kona ya filamu kuna kinukta kilichovimba ambacho kwa kukipapasa unajua upande, na nilikipapasa zaidi ya mara moja. Filamu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai. Gego la kwanza lilikuwa na zibo la madini, doa jeupe juu ya jino. Lakini zibo peke yake halikunisaidia. Enzi hizo watoto wengi wa vijiji hivi walizibwa hapa, kwa madini yaleyale na mkono uleule.

Halafu nikaona kitu kingine. Chini ya lile jino, juu ya mizizi yake, kulikuwa kumelala mfupa.

Niliisogeza filamu. Nikaifuta kwa pamba. Mfupa ulikuwa palepale, mfupi, umelala kimshazari, mweupe kuliko mizizi iliyokuwa chini yake. Nimeona mambo mengi kwenye mataya ya watu: meno ya ziada, uvimbe, hata kipande cha sindano ya cherehani. Mfupa uliokamilika, wenye kichwa chake na kiuno chake, ndani ya mdomo wa mtoto wa shule, sikuwa nimeuona.

"Fungua boksi," nikamwambia askari.

Taya lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Meno yalikuwa ya kahawia, lakini na hilo halikumtambulisha mtu. Maji yetu ya huku huwapaka watoto rangi hiyo wakiwa bado wanaota meno, na mtu akicheka Dar es Salaam wenzake wanajua katoka wapi. Niliweza kusema tu kwamba marehemu alikuwa mtoto wa huku. Upande wa kushoto, gego la kwanza lilikuwa na zibo. Nililipapasa taya kwa vidole, nje na ndani, nikitafuta ule mfupa wa ziada. Hapakuwa na kitu. Lilikuwa laini kama kijiko cha mti kilichotumika miaka mingi.

Askari alikuwa ananiangalia usoni. "Basi si yeye?"

Nilikuwa na hasira na yeye, na boksi lake, na upepo uliokuwa unapigapiga bati juu yetu. Nililifunga taya kwenye sehemu ya kuegemeza kichwa ya kiti cha wagonjwa kwa plasta, nikaweka kidude cha mashine nyuma ya meno. Kompyuta ikakataa. Ilitaka jina la mgonjwa. Nikaandika kwamba hajulikani. Ikataka jinsia, nikaipa. Ikataka tarehe ya kuzaliwa, na bila hiyo haikukubali kwenda mbele. Nilibabaika, na katika kubabaika vidole vikaandika tarehe yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nikabonyeza.

Picha ikatokea papo hapo, safi, kali, kila mzizi mahali pake. Juu yake kompyuta ilikuwa imeandika umri wangu, na chini yake ikawa inauliza mgonjwa arudi lini. Niliwahi kuisifu mashine ile kwa kuwa haina mambo ya chumba cha giza. Siku hiyo niliona kwamba haijui kabisa aliye hai na aliyekufa. Wote inawapokea vilevile.

Nikaziangalia picha mbili, ya filamu kwenye boksi la taa na ya dijitali kwenye kioo. Zibo lilifanana, ingawa kazi za mkono mmoja hufanana. Kwenye picha mpya mzizi wa nyuma wa lile gego ulikuwa umepinda ncha kama ndoano. Mzizi wa namna hiyo hauko kwa kila mtu, na mtu akiwa nao utotoni atakufa nao. Ningeuona kwenye filamu, kesi ingekwisha. Lakini kwenye filamu ncha ya mzizi ule ndiyo hasa iliyofunikwa na ule mfupa wa ajabu.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Mfupa ulikuwa na kiungo upande mmoja, na baada ya kiungo kulianza mfupa mwingine ulioishia nje ya picha. Nikauelewa ghafla, na kuuelewa hakukunituliza. Kilikuwa kidole. Tena mifupa yake ilikuwa imekwisha kukomaa, haikuwa ya mtoto. Mtu mzima alikuwa ameweka kidole chake ndani ya mdomo wa mtoto yule wakati picha inapigwa, na kidole kikabaki humo miaka yote ile, kwenye kopo la biskuti, gizani.

"Mwite mama," nikasema.

Aliingia akavua ndala mlangoni. Nililifunika taya kwa kitambaa, ila boksi aliliona, na macho yake yakapita juu yake haraka. Nilimkalisha karibu na boksi la taa, nikamwuliza kama anakumbuka siku ile.

"Nakumbuka. Alikuwa anaogopa ile mashine. Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinalia. Yule mtu wa picha akasema basi wewe mama ndiye umshikie."

"Umshikie nini?"

"Akanipa kikaratasi. Akasema, kishike kwa kidole kule ndani, kisisogee. Nikakishika. Lakini jino lilikuwa bado linamuuma, hata baada ya kuzibwa. Sasa ningeshikaje karatasi na kuliacha jino? Nikaweka na kidole gumba huku nje, kwenye ufizi, nikambonyeza palepale panapomuuma. Nyumbani nilikuwa nafanya hivyo ndipo apate usingizi."

Nilitazama mikono yake juu ya magoti. Gumba la kulia lilikuwa limepinda kidogo kwenye kiungo, kama la watu wengi waliotwanga uwele maisha yao yote. Nikatazama filamu. Kidole cha mle kilikuwa kimepinda vilevile.

"Mama, njoo uone. Hiki hapa ni kidole chako."

Aliinama juu ya mwanga. Aliuangalia mfupa wake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha gumba na kuliweka juu ya filamu, pembeni ya lile jingine, bila kuligusa.

"Huyu ni mimi," akasema, "na haya ni meno yake."

"Ndiyo."

"Na humo kwenye kitambaa?"

"Humo sijajua. Kidole chako kimefunika mahali ninapopahitaji."

Sikuwa na haki ya kumwambia vile, maana ilikuwa kama namlaumu. Yeye hakuona lawama. Alisema tu, "Basi nitoe."

Filamu haimtoi mtu. Ila niliipiga picha kwa simu pale pale juu ya mwanga, nikaihamishia kwenye kompyuta, na huko kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza weusi, ambacho siku zote nilikitumia kutafuta matundu ya meno. Nikaanza kukivuta. Kila nilipokivuta, mfupa wa mama ulififia kidogo. Mama alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, mahali palepale ambapo zamani nilihisi kuna mtu, na pumzi yake ilikuwa inanigusa shingoni. Nilikuwa nauondoa mkono wake mdomoni mwa mwanawe, kidogo kidogo, na sote wawili tulikuwa tunaangalia. Nitasema ukweli: niliogopa. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinaniambia nimwache ashike.

"Inauma?" akaniuliza.

Sikujua anamwuliza nani, wala anamwulizia nani. "Haiumi, mama."

Kilipobaki kivuli tu, mzizi ukaonekana. Ulishuka wima, ukafika mwisho, ukapinda. Nikaiweka picha ya taya kando yake. Nikazilinganisha ndoano mbili, umbali wa mizizi, mstari wa mfereji wa mshipa unaopita chini yake. Nikarudia tangu mwanzo, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa na nilikuwa nalitaka. Sikulipata. Askari alikuwa amevua kofia bila kuambiwa.

Nimeshawaambia watu habari mbaya. Kwa kawaida husema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Safari hii nilisema neno moja moja.

"Mama. Ni mmoja. Mwenye picha hii na huyu wa machimboni ni mtu mmoja."

Hakupiga yowe. Aliangalia picha za kwenye kioo, kisha akazipa mgongo, kana kwamba hizo zilikuwa mambo yangu na ya serikali. "Nifunulie," akasema.

Askari alianza kusema kwamba ni kielelezo, kwamba hairuhusiwi kugusa. Nilimwambia afande atazame dirishani, na kwa sauti yangu ya kila siku, ile wanayoiogopa wanafunzi, akatazama dirishani. Nikaondoa kitambaa.

Mama alipiga magoti mbele ya kiti cha wagonjwa. Hakulishika taya kama mtu anayeshika mfupa. Alipeleka mkono wake wa kulia taratibu, kwa pembeni, kama unavyouingiza mdomoni mwa mtoto anayeogopa. Kidole cha shahada ndani nyuma ya jino, gumba nje, palepale. Vikakaa. Akasema maneno kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini sana, ya kubembeleza. Mimi ni mtu wa Mkiwa, si wa Iramba, na Kinyiramba sikijui vizuri, lakini mtoto anavyoambiwa avumilie nilielewa.

Kisha akasubiri. Alisubiri mpaka askari akageuka kuangalia kuna nini. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, na Mungu anisamehe, nami nilikuwa nasubiri.

"Siku ile aliniuma," akasema mama, bila kutoa mkono. "Alining'ata kwa nguvu mpaka kidole kikatoka damu, nikampiga kofi hapohapo mbele ya watu. Alikuwa hawezi kuguswa hilo jino asiume. Tangu mdogo. Hata usingizini ukimgusa anauma."

Akasubiri tena kidogo. Halafu akatoa vidole, kimoja kimoja, akavifuta kwenye kanga, akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Afande," akasema, "piga simu nyumbani. Waambie wafunge turubai, waanze kulia. Mimi niko njiani."